Mwendo wa Pweza



Binti mmoja wa Pwani anayesoma Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kwa Vonza, huko Kitui ambako mito mingi hubaki mchanga mtupu wakati wa kiangazi, ametuletea swali. Wenzake Wakamba walimwuliza pweza asiye na mfupa huendaje. Naye, aliyemla kwa tui la nazi tangu utotoni, hakuwa na jibu.

Pweza ana minyiri minane na njia mbili za kwenda. Akifukuzwa, huvuta maji ndani ya mfuko wa mwili wake, kisha huyasukuma nje kwa nguvu kupitia mrija mfupi, akachopoka kinyumenyume, minyiri ikimfuata. Mwendo huu humchosha upesi: ana mioyo mitatu, na ule usambazao damu mwilini husimama anapoogelea hivyo. Ndiyo maana hupenda kutambaa. Mwaka 2015 watafiti wa Jerusalem waliochunguza picha za mwendo wake walibaini kwamba mnyiri hunata chini kwa vikombe vyake, hujirefusha, ukausukuma mwili. Huenda upande wowote bila kugeuka, wala hatua zake hazina mpangilio. Katika bahari ya Indonesia wameonekana hata pweza waendao kwa minyiri miwili, kama mtu! Tuliposoma hayo tuliikumbuka aya ya 45 ya Suratun-Nur, itajayo viumbe watambaao na waendao kwa miguu miwili na minne.

Kwetu jambo hili si la darasani tu. Kwa kuwa pweza ni mtambaaji anayerudi shimoni mwake, mama asiye na chombo humfuata kwa miguu maji yakipwa wakati wa bamvua, akapata kitoweo na karo ya mtoto. Na kwa kuwa haendi mbali, sehemu ya mwamba ikifungwa kwa miezi michache, kama walivyofanya wavuvi wa Kisiwa Panza, Pemba, hupata nafasi ya kukua na kuwa mzito.

Hivyo hatupendezwi na chuma kinachovunja tumbawe ili kumtoa pweza mmoja. Shimo likivunjika, mwingine hana pa kuhamia. Na mkimkuta jike juu ya mayai, mwacheni: hutaga mara moja tu maishani, huyapepea kwa maji ya mrija ule ule bila kula, na yakianguliwa hufa.