Kuhama Timu Si Usaliti

Barazani kwetu, Mji wa Kale hapa Mombasa, tuna ada ya kukutana kila siku baada ya sala ya isha. Muuza kahawa hupita na dele lake, vikombe vikilia mkononi mwake, na kila mtu hutoa lake la moyoni. Huzungumzwa siasa, bei ya unga, uhaba wa samaki na habari za harusi. Walakini, kwa miaka yote niliyokaa katika baraza hiyo, sijaona jambo lililotugawanya kama kuhama kwa kijana mmoja wa Unguja kutoka timu moja ya Dar es Salaam kwenda nyingine iliyo katika mji huo huo.

Namsema Feisal Salum, ambaye wapenzi wa kandanda wamemzoea kwa jina la Fei Toto.

Huenda msomaji wa bara akauliza, watu wa Mombasa wana nini na mambo ya Yanga na Azam? Jibu ni kwamba Pwani haikatiki mpakani. Wengi wetu tuna mashangazi na wajomba Unguja, na michezo ya ligi ya Tanzania twaitazama katika televisheni kama yetu. Na sisi wazee, tukisikia jina la Feisal likitajwa katika mpira, nyoyo hutwenda mbio, kwani twaikumbuka Feisal yetu ya Mombasa iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 1965.

Basi kisa chenyewe kilikuwa hivi. Feisal aliingia Yanga mwaka wa 2018 akitoka JKU ya Unguja, na mkataba aliokuwa nao ulikuwa wa kumalizika 2024. Disemba 2022, katikati ya msimu, akawaaga wapenzi wa timu. Akatia katika akaunti ya klabu shilingi milioni 112 za Tanzania: milioni 100 za kuvunja mkataba, na milioni 12 ambazo ni mishahara ya miezi mitatu. Yanga wakazirudisha fedha zile. Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Soka la Tanzania ikaamua kwamba yeye ni mchezaji wa Yanga bado, na ombi lake la kutaka uamuzi ule uangaliwe upya likakataliwa. Kijana akakaa nje ya uwanja miezi mitano na ushei. Mamake akajitokeza hadharani akilalamika kwamba mwanawe alikuwa akila ugali kwa sukari. Wako waliolicheka neno hilo, na wako waliolilia.

Barazani tulikuwa na mafundi wawili wa maneno. Mmoja ni mshoni wa kanzu, shabiki wa Yanga wa kufa na kupona, twamwita Fundi. Wa pili ni mzee aliyekuwa akiendesha majahazi, twamwita Nahodha.

"Huyu ni msaliti, Nahodha," alisema Fundi. "Timu imemlea, imempa jina, leo aitupa kama kanzu iliyotoboka."

"Jina haliliwi, ndugu yangu," akajibu Nahodha. "Wageni waja na kulipwa vinono, na mwenye nyumba atazama sufuria. Mpe mtu haki yake uone kama ataondoka."

Kama yangeishia hapo, ningesema ni porojo za kahawa. Lakini siku zilivyokwenda, wakaanza kutupiana maneno yasiyofaa watu wazima, hata wakawa hawapeani mkono. Mfungo wa Ramadhani mwaka huo ulipoingia, Fundi akashikwa na homa, akalala kitandani siku nane. Nahodha anakaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Hakwenda kumjulia hali, wala hakupeleka hata kisahani cha futari. Kisa nini? Kijana ambaye hakuna mmoja wao aliyewahi kuonana naye!

Hapo ndipo nilipoona kwamba jambo hili lataka kuandikwa.

Mimi nikilitazama jambo la Feisal, nakumbuka langu mwenyewe. Katika ujana wangu nalikuwa karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Nilifanya kazi pale miaka mitatu, kisha kampuni nyingine ikaniita kwa mshahara uliokaribia mara mbili. Nikaondoka Jumamosi mchana bila ya kuaga, na Jumatatu nikaketi kwenye meza mpya. Tajiri wangu wa zamani akanitangaza mji mzima kwamba mimi ni mtovu wa fadhila, na mshahara wangu wa mwisho akauzuia. Nikaenda kwa marehemu babangu nikitaraji atanitetea.

Babangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Mwanangu, kuondoka ni haki yako. Lakini namna ulivyoondoka si haki yako." Akanishika mkono, akanirudisha kwa yule tajiri, nikaomba radhi, nikamalizia mwezi wa ilani niliokuwa nimeutia sahihi. Tajiri naye akatoa mshahara wangu wote. Tangu siku ile hatukuwa maadui.

Nawaomba mashabiki wa pande zote mbili wayapime maneno hayo ya mzee.

Kwanza, wale wanaosema Feisal hakukosa lolote, nawaambia alikosa. Ahadi ni deni, na mkataba ni ahadi iliyoandikwa na kutiwa sahihi na watu wawili. Fundo lililofungwa kwa mikono miwili halifunguliwi kwa mkono mmoja, hata kama mkono huo umeshika milioni 112. Kama mshahara ulikuwa mdogo, mahali pa kusema ni mezani kabla ya kutia sahihi, au mezani tena kwa mazungumzo. Kijana akiona ameonewa, haki yake huidai kwa njia iliyonyooka, asije akapoteza haki kwa ubaya wa njia.

Pili, wale wanaomwita msaliti, nawauliza: klabu inapomwacha mchezaji, humwita nani msaliti? Kila msimu ukimalizika, timu hizo hizo huwaaga wachezaji kwa maneno mawili ya shukrani, na mtu aliyevunjika goti akiipigania jezi hurudi kwao na begi lake. Sisi mashabiki hatusimami vibarazani tukalia usaliti. Twasema timu yajijenga upya. Basi timu ikijijenga ni busara, na mchezaji akijijenga ni hiana? Mchezaji wa mpira ana miaka kumi, kumi na mitano akibahatika, ya kuchuma kwa miguu yake. Ikipita hiyo, wale waliokuwa wakiliimba jina lake watakuwa wakiliimba la mwingine. Kumpenda mchezaji hakumfanyi mtu kuwa mali yetu.

Na mtazameni mwisho wa mambo. Juni 2023, baada ya Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan, naye ni mzaliwa wa Unguja, aliwakaribisha Ikulu na kuwaomba viongozi wao walimalize suala la kijana huyo. Siku chache baadaye Azam wakatangaza kwamba wamemsajili. Lililoshindikana kwa miezi ya ubishi likawezekana kwa watu kuketi na kusikizana.

Je, Yanga iliangamia? La hasha. Msimu wa 2023/24 ilitwaa ubingwa, na Aziz Ki akawa mfungaji bora kwa mabao 21. Je, Feisal alipotea? Hasha. Alifuata nyuma yake kwa mabao 19, na Azam ikashika nafasi ya pili. Oktoba 2023 Yanga iliishinda Azam 3 kwa 2, Aziz Ki akifunga yote matatu. Machi 2024 Azam ikalipiza 2 kwa 1, na bao moja akalitia Feisal mwenyewe. Kila upande ulipata riziki yake. Ni sisi tu wa vibarazani tuliobaki na hasara, hasara ya ujirani.

Kuna funzo lililo kubwa kuliko hayo yote, nalo lawahusu vijana wetu wa Pwani wanaocheza viwanja vya mchanga kutoka Lamu hadi Vanga. Mguu wao ni mzuri, lakini wengi hutia sahihi karatasi wasiyoisoma, kwa furaha ya viatu vipya na picha gazetini. Mzazi hayupo, wakili hayupo. Miaka miwili baadaye ndipo machozi yaanzapo. Ningependa kila mwalimu wa timu na kila mzee wa mtaa amwambie kijana wake maneno haya: usitie sahihi siku ile ile unayoletewa karatasi. Ipeleke nyumbani, isomwe na mtu anayejua, uliza mshahara, uliza muda, uliza mlango wa kutokea uko wapi na wafunguliwa vipi. Nazo klabu zisione haya kuongeza mshahara wa kijana aliyepanda kiwango kabla hajafika kuununa.

Ama Fundi na Nahodha, siku ya Idi nilimpitia Nahodha nyumbani kwake, nikamshika mkono kama nilivyoshikwa mimi zamani, tukaenda nyumba ya tatu. Fundi alikuwa mlangoni. Walitazamana kitambo, kisha Fundi akasema, "Karibuni, kuna tambi na mkate wa mofa." Tukaingia. Mpira haukutajwa siku ile.

Siku hizi wabishana tena kila usiku, na sauti ni zile zile. Lakini kahawa ikimalizika hupeana mkono. Nami nasema hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya ushabiki, na asiyeiweza na akae nyumbani.