Uzamivu wa umeme wa ndege uanzie Likoni

Desemba 2018, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, pamoja na Umoja wa Ulaya, walizindua mtambo wa sola wa takriban kilowati 500 katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ng'ambo ya Makupa. Uliambatana na mashine za kuipa ndege umeme na hewa baridi ikiwa imeegeshwa, ili izime injini yake ndogo ya mkiani, ambayo huchoma mafuta hata ndege ikiwa imetulia. Wengi walitazama paneli. Ugumu ulikuwa katikati: umeme wa Kenya Power hupiga mizunguko 50 kwa sekunde, wa ndege hupiga 400, kwa sababu kwa kasi hiyo transfoma na mota huwa ndogo na nyepesi. Panapokutana umeme wa aina mbili lazima pawe na kigeuzi, na vigeuzi vya aina hiyo tunavinunua ng'ambo.

Je, pesa za umma zisomeshe watafiti wa uzamivu hapa kisiwani, katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa pale Tudor, wabuni mashine za kuhamishika za kuchajia ndege za umeme? Nasema zisomeshe, ila kwa sharti moja.

Wanaopinga wana hoja nzito. Velis Electro, ndege ya umeme iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2020, ina viti viwili na haimalizi saa moja angani. Hakuna ndege ya umeme inayopeleka abiria Lamu wala Malindi leo. Mkazi wa Kibokoni anayenunua maji ya mkokoteni ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake imsomeshe mtu shughuli ya ndege asiyoipanda. Hoja hiyo haijibiwi kwa kumwambia kwamba dunia inasonga mbele.

Inajibiwa kwa hesabu. Tuseme ndege ndogo ina betri ya kilowati-saa 300 na inakaa chini nusu saa. Itahitaji kilowati 600, kupita uwezo wote wa ule mtambo wa sola jua likiwa utosini. Ukizivuta ghafla kwenye gridi, mtaa mzima utayumba. Ndiyo maana watafiti wanafikiria gari lenye betri yake: linajazwa polepole, kisha linaimiminia ndege umeme haraka inapotua. Faida ya pili sisi tunaijua: tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipokatika nchi nzima, uwanja wa Jomo Kenyatta ulipata giza. Gari lenye akiba yake haliingoji jenereta.

Wanorwei walikumbana na tatizo hilohilo majini. Feri yao ya umeme, Ampere, ilianza kazi mwaka 2015 kati ya vijiji ambavyo gridi yake ni dhaifu, basi wakaweka betri kwenye kila gati: zinajazwa taratibu feri ikiwa safarini, zinaimiminia umeme ikifunga gatini. Sasa tazama Likoni. Mlango wa maji ni wa takriban nusu kilomita, feri zinakwenda na kurudi kutwa kucha kwa dizeli, na zaidi ya watu 300,000 wanavuka kwa siku. Mkazi wa Kibokoni yumo humo. Kigeuzi cha kuchaji feri na cha kuchaji ndege vinatokana na elimu moja, transista zilezile za silikoni kabidi, hesabu zilezile za joto. Sharti langu ndilo hilo: atakayesomeshwa kwa pesa zetu aijaribu mashine yake gatini Likoni kwanza, ndipo aipeleke uwanjani.

Na hapa kisiwa kina kitu ambacho maabara za Ulaya hazina. Kigeuzi cha kilowati 600 kikipoteza asilimia 3 tu, hizo ni kilowati 18 za joto la kuondolewa ndani ya sanduku moja, mchana wa Machi, juu ya lami. Ukikipuliza kwa feni, unakilisha chumvi. Ukikiziba chumvi isiingie, kinajipika. Mji wa Kale wote ni ushahidi wa hewa hii: nondo za madirisha, masanduku ya mita, injini za viyoyozi, vyote huliwa na kutu. Mashine iliyobuniwa kwa baridi haikuulizwa swali hili, na jibu lake lingefaa Tanga, Unguja, Lamu, hadi Maskati. Huo ni utafiti wa uzamivu kwa maana yake kamili, na haitoshi kuufanya kwenye kompyuta pekee.

Pesa? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliagiza Hazina ya Taifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Hatujawahi kufika hapo, na hiyo ni aibu ya serikali zote zilizofuata. Lakini pwani haikungoja serikali peke yake hata zamani. Chuo hicho cha Tudor kilianza kama Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ikifundisha ufundi tangu mwanzo wa miaka ya 1950, na miongoni mwa waliochanga ni Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Mamlaka ya Bandari na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege zina haja ya moja kwa moja na elimu hii, nazo zichange.

Mchango wa kwanza hauhitaji hata shilingi. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege iwafungulie watafiti rekodi za mashine za 2018: zimefanya kazi saa ngapi, kifaa gani kilikufa kwanza, kipuri kilitoka wapi na kilichukua muda gani kufika. Miaka ya chumvi na joto imeandikwa mle, na hakuna tasnifu itakayoanza vyema bila kuisoma.