Mbona Picha Zetu za Wanyama Hazina Watu?

Hebu tafuta picha za Mbuga ya Nairobi mtandaoni. Utapata twiga mbele ya maghorofa, au simba nyikani peke yake, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuishi pale. Ilhali mbuga ilipoanzishwa 1946, Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe hapo waliondolewa. Leo SGR inapita juu yake kwa daraja, na upande wa kusini uko wazi ili wanyama wavuke kwenda Kitengela kutafuta malisho. Hayo tunayakata, ati yanaharibu picha.

Ubaya ni huu: macho yakizoea nyika isiyo na mtu, mfugaji akitokea na ng'ombe wake tunamwona mvamizi. Na ni kwenye shamba lake lisilo na ua ndiko nyumbu hupita!

Nick Brandt alithubutu. Katika Inherit the Dust (2016), alisimamisha picha za wanyama, kwa ukubwa wao halisi, kwenye majalala na machimbo ya mawe, watu wakiwa kwenye shughuli zao.

Wapiga picha wenzangu, tuache kumkata mchungaji. Wewe ungeiposti hiyo?