Risala ya Wastaafu kwa Mkuu wa Wilaya: Tuambiwe Nani Anamlipa Anayetushauri



Kwa kuwa jua limepanda na baadhi yetu tumemeza dawa bila kula, salamu tutazifupisha.

Tulio mbele yako tulikuwa walimu, wauguzi, makarani wa mahakama, madereva na maofisa ugani. Wachache tulistaafu kwa hiari baada ya kutimiza miaka 55. Wengi tulingoja 60 ya lazima. Miaka yote hiyo mshahara ulikuwa unaingia na kutoka. Kisha siku moja simu inalia, ujumbe wa benki: mkupuo umeingia. Mtu ambaye hajawahi kumiliki fedha nyingi kwa wakati mmoja anatakiwa aamue zikae wapi kwa maisha yake yaliyobaki, na wanaomngoja mlangoni ni wadai wa kausha damu, watoto, na wataalamu. Risala hii inawahusu hao wa mwisho.

Mheshimiwa, malalamiko yetu yanaanzia kwenye semina za wastaafu watarajiwa. Pale mbele husimama ofisa wa benki, kijana wa bima, muuza viwanja. Mshereheshaji huwatambulisha wote kwa jina moja: washauri wetu wa fedha. Ikifika saa ya chai, fomu zimeshapita meza hadi meza. Hatujamsikia hata mmoja akisema, "Ndugu zangu, nalipwa kwa kila fomu nitakayoondoka nayo."

Mwalimu mwenzetu alipewa kadi kwenye semina ya namna hiyo. Upande wa mbele imeandikwa "Mshauri wa Fedha wa Kujitegemea". Ukiigeuza, nyuma kuna nembo ya kampuni ya bima. Hakuigeuza. Akakatiwa bima ya maisha yenye akiba ya miaka 10, mchango wa kila mwaka, yeye ambaye tegemeo lake lilikuwa pensheni ya mwezi na mahindi. Mchango wa tatu ukamshinda. Alipokwenda kudai alichokwisha kuweka, akaambiwa kwamba kwa kukatisha mapema atapata pungufu sana ya alichotoa, na akaonyeshwa kifungu hicho juu ya sahihi yake mwenyewe. Hapakuwa na wizi. Kila kitu kilikuwa halali, na hilo ndilo linalotuuma.

Hatusemi mawakala ni watu wabaya. Wakala wa bima huiwakilisha kampuni, na sheria inamtambua hivyo. Dalali wa bima humwakilisha mteja, ingawa naye kwa kawaida hupata kamisheni kutoka kwa kampuni. Wote wana kazi yao. Tunachokikataa ni muuzaji kuvaa joho la mshauri. Kijana yule hakumuuliza mwalimu ana deni gani, anasomesha wangapi, anaumwa nini. Mshauri wa kweli huanza na maswali hayo, na wakati mwingine jibu lake huwa ni "lipa deni kwanza, usinunue chochote." Anayelipwa kwa kamisheni jibu hilo linamnyima chakula.

Wapo kati yetu wanaojivunia kwamba ushauri waliupata bure. Bure hiyo imo ndani ya bei.

Nchini Uingereza, tangu mwisho wa mwaka 2012, mshauri haruhusiwi kupokea kamisheni mpya kutoka kwa kampuni ambayo uwekezaji wake anaupendekeza; hulipwa na mteja ada waliyoelewana. Na akijiita wa kujitegemea, ni lazima apime soko zima, si bidhaa za nyumba moja. Kwetu, hisa, hatifungani na mifuko ya uwekezaji viko chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, bima iko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na mabenki yako chini ya Benki Kuu. Mstaafu anayetaka kulinganisha mfuko wa Jikimu wa UTT AMIS, hatifungani ya serikali ya miaka 25 na akaunti ya muda maalumu anagusa milango miwili mitatu, na kila mlango unasifu cha kwake. Hatifungani ile inalipa riba kila miezi sita, ni kweli. Lakini mtu wa miaka 60 anahitaji wa kumwambia kwamba mtaji wenyewe utaiva akiwa na 85, na kwamba akiuhitaji kabla ya hapo itabidi auze sokoni kwa bei ya siku hiyo.

Kuhusu matapeli hatutasema mengi. Ukumbi huu una watu waliopanda "mbegu" zao kwenye upatu wa DECI hadi mwaka 2009, na wanajua walichovuna.

Kwa hiyo tunadai haya. Yeyote atakayesimama kwenye semina iliyoandaliwa kwa fedha ya umma atamke, kabla ya neno lolote jingine, leseni yake imetolewa na nani na nani anamlipa. Na fomu zisisainiwe siku hiyo, mtu akalale nazo na kuzisoma na wanawe. Majina ya wenye leseni yabandikwe kwenye ofisi za kata. Tovuti ni nzuri, lakini wengi wetu tuna simu za kitochi. Ushauri utolewe kwa maandishi, kwa Kiswahili, ukiwa na sahihi ya aliyeutoa na ada yake kwa shilingi. Mshauri asipokee fedha ya mteja mkononi wala kwenye namba yake ya simu. Iende moja kwa moja kwenye akaunti ya mfuko au ya benki inayohusika.

Tena tunaiomba halmashauri itenge siku moja kila mwezi, ofisa asiyeuza chochote akae na mstaafu mmoja mmoja, hata kwa ada ndogo. Tutailipa.

Mheshimiwa, kundi jingine la watumishi wa wilaya hii linastaafu mwezi Juni. Tungependa majibu yawafikie kabla ya semina yao.

Tunaomba kuwasilisha.