Misuli Hutaka Kazi

Huenda umesikia habari za mashine ya kutikisa mwili. Mashine hii ni kama ubao mnene unaotumia umeme. Mtu husimama juu yake, magoti akiyakunja kidogo. Ubao hutikisika upesi sana, mara 20 hadi 50 kwa sekunde moja.

Mwili ukitikiswa hivyo, misuli hushtuka. Hujikaza na kulegea yenyewe, tena na tena. Hilo ni zoezi. Wazee wengine wasioweza mazoezi mazito wamepata nguvu za miguu kwa njia hii. Lakini mashine hii si dawa ya kila ugonjwa. Wajawazito, na watu wenye damu iliyoganda mishipani, wasiitumie.

Mimi nasema: usiuze mbuzi ili uilipie. Msuli usiofanya kazi hunywea. Mfupa usiobeba uzito hudhoofika. Jembe, ndoo ya maji na mwendo wa kwenda shambani huipa misuli na mifupa kazi bila umeme.

Hatari iko kwa wazee wetu. Tunawaambia, "Babu, kaa, pumzika." Babu akikaa kutwa, miguu huisha nguvu. Siku moja huanguka, akavunjika nyonga.

Basi, msaidie babu ainuke. Atembee uani kila siku. Akiweza, ainuke kitini na kukaa tena mara 10, nawe ukiwa karibu naye. Kumheshimu mzee si kumkalisha tu.