Asiye na Neno Hana Swali: Runinga za Michezo na Haki ya Mnunuzi

Katika maduka ya vifaa vya umeme ya kisiwani Mombasa, runinga mpya huuzwa kwa maneno kabla ya kuuzwa kwa picha. Sanduku huwa limejaa tarakimu na herufi za kigeni: idadi ya inchi, 4K, HDR, Hz, Smart na nyinginezo. Mzazi aliyefuatana na mwanawe, ambaye shabaha yake ni kupata kioo cha kuchezea michezo ya video, huzisoma alama hizo kama mtu asomaye hirizi: anaamini zina nguvu, lakini hajui ni nguvu gani. Mwishowe hutoa fedha ambazo zingefaa karo ya muhula, akarejea Mji wa Kale na mzigo mkubwa juu ya mkokoteni. Siku ya pili mtoto huanza kunung'unika kwamba runinga ni kubwa na nzuri, ila mchezo umekuwa mzito.

Mtoto huyo hasemi uongo, wala hana deko. Ameona kasoro ya kweli ambayo yeye na mzazi wake hawana jina la kuiitia. Hoja ninayotaka kuitetea hapa ni kwamba kukosa jina huko ndiko kunakomponza mnunuzi. Asiye na neno hana swali, na asiye na swali hununua kile muuzaji anachotaka kukiuza.

Tuanze na mchezo tunaoujua. Katika baraza za Mji wa Kale, bao limechezwa kwa vizazi vingi. Lina mashimo 32 na kete 64, na kila hatua yake ina istilahi. Nyumba si shimo lolote tu. Kichwa ni shimo la mwisho wa safu. Kutakata ni kucheza bila kula. Mchezaji wa bao akiulizwa kwa nini ameshindwa, atajibu kwa maneno mahususi, na mwenziwe ataelewa papo hapo. Ukimpa ubao mbovu, atakwambia ubovu wake ni upi. Ufasaha huo ndio unaomwezesha kuchagua ubao mwema na kuukataa mbaya. Kijana wa leo anayecheza kandanda kwenye kioo ana ustadi usiopungua ule wa mcheza bao, lakini akiingia dukani hujikuta bubu.

Maneno matatu ndiyo yanayotawala biashara hii, na yafaa tuyapime moja baada ya jingine.

La kwanza ni inchi. Inchi moja ni sentimita 2.54, na hupimwa kutoka pembe moja ya kioo hadi pembe ya mkabala. Runinga ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 hivi. Ya inchi 55 ina upana wa sentimita 122 hivi. Wengi hudhani kwamba kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Lakini nyumba nyingi kongwe za mawe katika Mji wa Kale zilijengwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Aghalabu vyumba hivyo ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Runinga ikitundikwa kwenye ukuta wa upande mrefu, na ukitoa nafasi ya kiti, mchezaji hukaa yapata mita 2 kutoka kwenye kioo. Kanuni inayotumika sana ni kuketi umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya kipimo cha kioo. Kwa inchi 43, hiyo ni kati ya mita 1.6 na 2.2. Kwa hiyo inchi 43 inakitosha chumba hicho, na inchi 55 iko karibu na kikomo. Anayenunua ya inchi 75 kwa chumba hicho hicho atakuwa akigeuza shingo kutafuta mpira ulipo.

La pili ni 4K. Herufi hii huhesabu nukta zinazounda picha. Runinga ya kawaida yenye safu 1,080 ina nukta kama milioni 2. Ya 4K ina nukta kama milioni 8. Ni ongezeko kubwa, bila shaka. Hata hivyo runinga haiwezi kuonyesha kile ambacho mashine haikuchora. Mashine ya PlayStation 2, iliyotoka mwaka wa 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150 duniani na kufahamika vyema katika Afrika Mashariki, ilichora picha hafifu iliyokusudiwa runinga za wakati wake. PlayStation 4 ya awali, ya mwaka wa 2013, haikuchora michezo kwa 4K. Mwenye mashine kama hizo akinunua 4K kwa ajili ya michezo peke yake, amenunua gunia la magunia manne kubebea mchele wa gunia moja.

La tatu ni Hz, yaani idadi ya mara ambazo picha hufanywa upya katika sekunde moja. Nyingi ya runinga zilizopo madukani zina 60, na baadhi zina 120. Ili 120 ikufae katika picha ya 4K, sharti vitu vitatu vikutane: runinga yenye tundu la HDMI la toleo la 2.1, mashine ya kizazi kilichoanza mwaka wa 2020 kama PlayStation 5 au Xbox Series X, na mchezo uliotengenezwa kwa kasi hiyo. Kimoja kikikosekana, tarakimu hiyo inabaki pambo. Isitoshe, baadhi ya watengenezaji hubandika namba kubwa za majina yao wenyewe ambazo zinahesabu ujanja wa kulainisha mwendo, huku kioo chenyewe kikiwa cha 60.

Sasa tuje kwenye neno lisiloandikwa kwenye sanduku. Kijana akibofya kitufe cha padi, amri husafiri hadi kwenye mashine, mashine huchora picha, na picha hupita kwenye waya hadi kwenye runinga. Runinga ya kisasa haiionyeshi picha hiyo papo hapo. Kwanza huipamba: huitanua ienee kioo, huondoa chembechembe, hukoleza rangi, na pengine hubuni picha za kati ili mwendo uonekane laini. Kwa mtu atazamaye filamu mapambo hayo hayana madhara, kwani sauti nayo hucheleweshwa ilingane na picha. Kwa mchezaji, kila pambo ni muda uliopotea kati ya kidole na jicho. Muda huo napendekeza tuuite mchelewo.

Mchelewo hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Kwa kasi ya 60 Hz, picha moja hudumu kwa milisekunde kama 17. Runinga inayochelewa kwa milisekunde 100 inamwonyesha mchezaji jambo lililotukia picha sita zilizopita. Katika mchezo wa kandanda, hapo ndipo mlinzi anaporuka wakati mshambulizi ameshapita. Runinga nzuri iliyowekwa katika hali ya mchezo hupunguza mchelewo hadi milisekunde 10 au 20, na runinga hiyo hiyo, mapambo yake yakiwashwa, inaweza kuchelewa mara kadhaa zaidi. Basi runinga ya bei ya chini yenye mchelewo mdogo humfaa mchezaji kuliko ya fahari yenye mchelewo mkubwa.

Kitendawili cha mtoto aliyesema mchezo ni mzito kinateguka hapo. Huenda alikuwa akichezea runinga kongwe yenye mgongo mrefu. Runinga zile hazikuwa na mapambo yoyote ya kufanya. Picha ilipofika ilionekana mara moja, na mchelewo wake ulikuwa karibu na sufuri. Mashine kongwe ikiunganishwa na runinga mpya, picha yake hafifu hulazimika kutanuliwa, na kutanuliwa huko huongeza mchelewo. Zaidi ya hayo, runinga nyingine mpya hazina kabisa matundu ya nyaya za manjano, nyekundu na nyeupe. Familia inaweza kulipa fedha nyingi na kupata mchezo ulio duni kuliko ule wa jana.

Baadhi ya walimu wenzangu watauliza kama inafaa gazeti kumsaidia mwanafunzi kupata kioo cha kumpotezea wakati. Wasiwasi wao nauheshimu. Shirika la Afya Duniani liliuingiza uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika mwaka wa 2022. Hata hivyo shirika hilo lilibainisha kwamba mgonjwa ni yule aliyeshindwa kujizuia kwa muda ambao kwa kawaida ni wa mwaka mzima, hata shughuli zake nyingine zikavurugika. Halikumtaja kila achezaye. Runinga hizi zinanunuliwa tutake tusitake, na kijana anayecheza sebuleni mbele ya wazazi ni rahisi kumwekea mipaka kuliko yule anayelipia muda kibandani. Swali lililobaki ni kama pesa za nyumba zitatumika kwa maarifa au kwa kubahatisha.

Hapa suala la lugha linakuwa suala la haki. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa anazozinunua. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ukiviweka vifungu hivyo viwili pamoja, ni vigumu kueleza kwa nini sanduku la runinga linauzwa Mombasa bila sentensi moja ya Kiswahili juu yake.

Lakini tusijidanganye kwamba tafsiri peke yake itatosha. Ukilitafsiri sanduku zima neno kwa neno, bado hutaukuta mchelewo, kwa sababu hata kwa Kiingereza aghalabu haukuandikwa. Mwamba ngoma huvutia kwake: mtengenezaji hutangaza tarakimu zinazopanda na kunyamazia ile ambayo ubora wake ni kushuka. Kwa hiyo mnunuzi anahitaji msamiati wake mwenyewe, unaotokana na haja yake.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakiwezi mambo haya, au kwamba ni lazima tusubiri mabaraza yakutane. Historia ya lugha yetu inawasuta. Runinga zile zenye mgongo mrefu, watumiaji wa Tanzania walizipa jina la chogo, na kila aliyelisikia alicheka na akaelewa. Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka wa 2015, neno king'amuzi lilienea majumbani na sokoni, kwa kuwa kila mtu alikuwa na haja ya kifaa chenyewe. Neno hupata makazi pale watu wanapolihitaji ili kutenda jambo. Iwapo vijana wa Kibokoni na Makadara wana jina bora kuliko mchelewo, na walitoe. Mimi nitakuwa wa kwanza kulitumia darasani.

Walimu wa Kiswahili mna nafasi ya pekee. Chukueni sanduku tupu la runinga, mlipeleke darasani, na muwaombe wanafunzi walieleze kwa Kiswahili fasaha kwa bibi anayetaka kumnunulia mjukuu wake. Kisha waulizeni ni jambo gani muhimu ambalo halikuandikwa. Zoezi hilo litawafundisha istilahi, ufupisho, na kusoma kwa jicho la kuhoji, yote kwa somo moja.

Nanyi wanafunzi, mkiandamana na wazee wenu dukani, bebeni mashine yenu na padi yake. Pimeni kwanza ukuta na nafasi ya kiti nyumbani. Hakikisheni runinga ina matundu yanayolingana na nyaya zenu. Mwombeni muuzaji aiwashe katika hali ya mchezo, kisha bofyeni na mtazame. Mkiweza, linganisheni mbili kwa mchezo mmoja. Kama ni ya kioo cha OLED na mnacheza mchezo mmoja kutwa kucha, kumbukeni kwamba alama zisizosogea, kama ubao wa magoli, zinaweza kuacha doa la kudumu. Na muuzaji akianza kuhesabu inchi na K, mwulizeni kwa adabu: mchelewo wake ni kiasi gani? Huenda asijue jibu siku hiyo. Akiulizwa na wateja kumi katika juma moja, atalitafuta.