Kumbukumbu ya Wengine na Uzembe Wetu: Juu ya Ufadhili wa Utafiti wa Uzamifu

Katika mijadala ya idara zetu kuna kauli iliyorudiwa mno hata ikadhaniwa kuwa hoja: kwamba mtafiti Mwafrika hana shughuli na historia na utamaduni wa Wayahudi wa Ujerumani, na kwamba fedha zinazotengewa taaluma hiyo zingefaa zaidi kujengea vyoo Kibera. Makala haya yanaikataa kauli hiyo. Haja ya vyoo hatuibishi. Tunachokataa ni uzembe wa kitaaluma unaovishwa vazi la uzalendo.

Tuanze na ufadhili wenyewe. Taasisi ya Leo Baeck iliasisiwa mwaka 1955 na wasomi Wayahudi walionusurika, ikawa na makao Jerusalem, London na New York. Walikuwa watu waliotawanywa, ambao jamaa zao waliuawa. Hata hivyo hawakungoja mgeni aje kuwaandikia historia. Walikusanya barua, shajara na kumbukumbu za koo, wakajenga hifadhi. Ruzuku ya uzamifu yenye jina la Leo Baeck, inayowapokea watahiniwa wa mataifa mbalimbali, ilikuja miongo kadhaa baadaye. Hifadhi ilitangulia, ruzuku ikafuata. Sisi twataka kinyume chake.

Tutazame Kibera. Wanubi, wazao wa askari wa kikoloni, waliishi hapo tangu kabla ya eneo hilo kutangazwa hifadhi ya kijeshi mwaka 1918, na jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Sarufi ya Kinubi cha Kibera, kazi ya Bernd Heine, ilichapishwa mwaka 1982 mjini Berlin. Hatumlaumu Heine. Twauliza tu: wanaisimu na wahakiki wa Nairobi, ambao wangefika huko kwa miguu, walikuwa wapi?

Wala taaluma hiyo si ngeni kwetu kama inavyodaiwa. Mwaka 1940 Ernst Dammann, mwanachama wa chama cha Nazi, alichapisha Ujerumani mkusanyo wa tungo za lahaja ya Kiamu. Wakati huohuo Stefanie Zweig, mtoto wa Kiyahudi aliyekimbilia Kenya na wazazi wake mwaka 1938, alikuwa akikua huku na kujifunza Kiswahili. Riwaya yake ya mwaka 1995, Nirgendwo in Afrika, imejaa maneno ya lugha hii; filamu iliyotokana nayo ilishinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Yaani Ujerumani ile iliyowafukuza Wayahudi ilikuwa ikithamini ushairi wa Lamu, na waliofukuzwa walipata kimbilio katika lugha ya ushairi huo. Nani atakayemhakiki Owuor, mpishi wa riwaya hiyo? Je, ni mtu kamili, au ni kivuli katika kumbukumbu ya mtoto mgeni? Swali hili halimhitaji mhakiki wa Frankfurt peke yake. Lamhitaji pia mhakiki wa Kiswahili.

Lakini tusiwasamehe wale wa upande wa pili, wanaoikata mada ili iingie katika fomu ya mfadhili. Mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa Kawangware, alikusudia kutafiti nyimbo za doluka za wanawake Wanubi. Baada ya kunyimwa ruzuku mara mbili aliniuliza iwapo aongeze neno "afya" katika anwani. Nilimshauri aongeze. Fedha zikapatikana, nyimbo zikawa kiambatisho. Naona haya hadi leo, kwa kuwa baadhi ya waimbaji wale wamekwisha kufariki.

Serikali nayo ina deni. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliutengea mfuko wa taifa wa utafiti asilimia 2 ya pato la taifa. Kiwango hicho hakijapata kufikiwa.

Twapendekeza mambo mawili. Kwanza, watahiniwa wetu waiombe ruzuku ya Leo Baeck bila kuona aibu, wakiwa na Owuor mkononi. Pili, idara ianze hifadhi mwaka huu, hata ikiwa ni kabati moja na kinasa sauti kimoja, ya doluka za Kibera na tungo za Sheng za vijana wa Kawangware. Mwaka 2017 Wanubi walipewa hatimiliki ya ekari 288, baada ya kungoja takriban karne nzima. Sauti za wazee wao haziwezi kungoja muda huo.